Utashi wa kula vizuri na kupunguza mwili: tunaujenga au tunajichosha bure?

Sahani Moja (mtoa uzi)

Wakuu salama humu. Kila baada ya muda mtu anakuja na swali lile lile, nawezaje kupata utashi wa kula vizuri, naanza Jumatatu safi kabisa ikifika Alhamisi usiku nimeshavuruga, na majibu tunayompa ni yale yale, jikaze, amua, ukitaka utaweza. Mtu anaondoka na jikaze yake, wiki inayofuata karudi pale pale na safari hii kaongeza na aibu juu. Mi leo naleta upande mwingine, kwamba hao mnaowaona wana nidhamu ya kula wengi wao hawajawazidi utashi, wamewazidi kuwa na vitu vichache vya kukataa kwa siku. Mtanipinga, karibuni, ila someni kwanza mpaka mwisho.

Tuanze na njaa yenyewe. Njaa sio tabia mbaya, njaa ina mitambo yake. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake pale chuo cha Rockefeller, New York, waligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuupa ubongo taarifa kwamba akiba ipo. Mwaka 1999 Wajapani wakaja na ghrelini, hii inatoka tumboni, inaamsha njaa na inapanda kabla ya mlo. Sasa ukipungua mafuta, leptini inashuka na ghrelini inapanda, yaani mwili unasoma kama kuna janga la njaa nje, wala haujui kwamba we una harusi mwezi ujao. Kuna utafiti wa Australia wa mwaka 2011 waliwafuatilia watu waliopunguza uzito, wakakuta mwaka mzima umepita na zile homoni bado hazijarudi zilikokuwa, na watu wenyewe bado wanasema wana njaa kuliko mwanzo.

Na kabla hujasema hao ni walegevu, nenda nyuma mpaka 1944 na 1945 kule Minnesota, Marekani. Mtafiti Ancel Keys alichukua vijana wa kiume 36, wazima, waliochujwa mwili na akili, wenye msimamo wa kukataa kwenda vitani kwa ajili ya imani zao (hao ndo watu wa kuwaambia hawana utashi?), akawapunguzia chakula karibu nusu kwa wiki 24. Wakaanza kuota chakula. Wakawa wanasoma vitabu vya mapishi mtu ambaye hajawahi kupika, wanalamba sahani, wanazungumza chakula tu. Njaa ni kama pumzi, unaweza kuibana, tena kwa fahari kabisa, lakini kadri unavyoibana ndo unavyokuja kuivuta kwa nguvu ukiachia.

Haya, kuhusu utashi kama utashi. Kuna nadharia maarufu sana kwamba utashi ni tanki, ukiutumia unapungua. Ilitokana na jaribio la Roy Baumeister na wenzake la mwaka 1998, watu waliingizwa chumbani kunanukia biskuti za chokoleti zimetoka kuokwa, wengine wakaruhusiwa kula biskuti, wengine wakaambiwa wao wale figili tu. Alafu wote wakapewa mafumbo yasiyo na jibu. Wa figili wakakata tamaa mapema zaidi. Watu wakaandika vitabu na vitabu. Mwaka 2016 maabara 23 zikarudia wazo hilo kwa jaribio lingine, washiriki zaidi ya 2,000, na matokeo yakawa karibu na sifuri. Kwaiyo mtu akikwambia "jenga utashi wako kama msuli" muulize anaujengea jimu gani.

Kilichonifungua mimi ni kitu kingine. Mwaka 2012 Wilhelm Hofmann na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Ujerumani, watu wazima 205 walipewa vifaa vinavyolia mara kadhaa kwa siku, kikilia unasema sasa hivi una hamu ya nini, na je unaipinga. Ungetegemea wale wenye kujidhibiti sana ndo wawe wanapinga sana, sivyo? Ikawa kinyume. Hao ndo waliripoti vishawishi vichache na mgongano mdogo. Yaani sio kwamba wanashinda ugomvi, hawafiki kwenye ugomvi.

Sasa hebu tuone ugomvi wenyewe unavyokuwa. Saa tatu usiku. Umeshakula, umeshiba, vyombo vimeoshwa. Pakiti ya biskuti iko kabatini, umeikunja mdomo ukaibana na kibanio cha nguo, kuonesha kwamba umemalizana nayo. Unaenda jikoni kunywa maji, unafungua kabati kuchukua glasi, na glasi ziko rafu moja na biskuti. Umekataa. Baada ya nusu saa unaenda kuchomeka simu, chaja iko jikoni, kabati liko usawa wa macho, umekataa tena. Unapita kuzima taa, umekataa. Alafu kuna ile safari ya mwisho ambayo hata hujui umeifuata nini, kibanio kinatoka, unakula ya kwanza umesimama gizani. Kesho asubuhi unasema sina utashi. Ndugu yangu, umekataa mara tatu ukakubali mara moja. Wewe inabidi ushinde kila mara, kabati linahitaji kushinda mara moja tu.

Kwaiyo ushauri wangu unakuwa wa kijinga kidogo ukiusikia: hamisha glasi. Au hamisha biskuti, au zisiingie ndani kabisa. Utashi utumie ukiwa dukani, tena uende ukiwa umeshakula, na karatasi mkononi. Pale unakataa mara moja kwa wiki nzima.

Na chakula chenyewe kinachangia. Mwaka 2019 Kevin Hall na timu yake pale Bethesda, Marekani, waliwaweka watu 20 kwenye kituo cha utafiti mwezi mzima. Wiki mbili chakula kilichosindikwa sana kiwandani, wiki mbili chakula cha kawaida cha kupikwa, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi za vyakula vilivyowekwa mezani zimelinganishwa, na wameambiwa kuleni mnavyotaka. Kwenye cha kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye kile kingine wakapungua kiasi hicho hicho. Watu wale wale! Utashi wao haukubadilika kati ya wiki ya pili na ya tatu, kilichobadilika ni sahani.

Nimeandika sana, karibuni.

Mzee wa Nidhamu

Mkuu nimesoma yote na naheshimu maandishi yako ila huu uzi umekuja kuwapa watu kisingizio. Homoni, kabati, Wajapani, kila kitu kina makosa isipokuwa mlaji. Mimi niliamua kuacha soda nikaacha, hakuna kabati lililohamishwa. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu.

Kitambi Baridi

Mzee sisi tatizo letu ndo hapo kwenye "hula" 😂😂

Mzee wa Nidhamu

Cheka tu. Ila nijibiwe hili, huko kuhamisha biskuti na kwenda dukani na karatasi hakuhitaji utashi? Anayefanya hayo ni nani kama sio mtu aliyeamua?

Sahani Moja

Mzee hapo umenishika pazuri, na nakubali kwamba uamuzi lazima uwepo. Ninachobisha ni mahali pa kuutumia. Mtu yule yule mchana akiwa ameshiba anaweza kuamua mambo makubwa, usiku akiwa amechoka anashindwa na biskuti. Sasa kwanini kazi yote tumuachie yule wa usiku? Na kwenye soda, hebu nikuulize, ulipoacha zilikuwa zinaendelea kukaa kwenye friji yako?

Mzee wa Nidhamu

Nilisema zisinunuliwe tena nyumbani kwangu.

Kitambi Baridi

Aaaaa 😂 mzee kumbe kabati lilihamishwa

Mama Watatu

Samahanini naomba niingilie. Hizi habari za "visiingie ndani" ni za watu wanaoishi peke yao. Mimi nina watoto, biskuti za shule lazima ziwepo, na baba yao ni mwembamba hata ale nini, akitaka keki anakuja na keki, sasa nimkataze mtu mzima kisa mimi? Ila mimi adui yangu hata sio keki. Ni vile vya kwenye sahani za watoto. Huyu kaacha nusu yai, huyu kaacha kipande cha mkate chenye alama ya meno, wa mwisho kachimba chakula katikati kaacha pembeni kote. Nasimama kwenye sinki, nakwangua na kijiko kuelekea kwenye ndoo ya taka, na kijiko kinaishia mdomoni. Naona vibaya kutupa. Alafu najiambia mi sijala kitu usiku, nimekunywa chai tu.

Chumvi Kidogo

Dada hujakosea kuchukia kutupa chakula, ila tumbo lako nalo usiligeuze ndoo. Nilichoona kinafanya kazi kwa dada yangu mwenye hali kama yako ni kuwapakulia kidogo kwanza, anayetaka aongezwe, kwaiyo kinachobaki kinabaki sufuriani, na cha sufuriani ni rahisi kukifunika kuliko cha kwenye sahani kilichochezewa. Kinachobaki hata hivyo kinaenda kwenye bakuli lenye mfuniko kabla hujagusa sinki, kesho kitaliwa.

Na kuna mbinu ya Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, ameiandikia tangu miaka ya 90, ya kupanga kwa mtindo wa "ikitokea hivi, nafanya hivi". Watu wengi wanajiwekea lengo tu, nitapunguza kula, basi. Yeye anasema taja na tukio lenyewe: nikishika sahani ya mtoto kuipeleka kwenye sinki, nafungua bomba kwanza maji yamwagikie. Inaonekana kama mchezo lakini tukio lenyewe ndo linakukumbusha, hukai unajadiliana na nafsi. Tafiti za mbinu hii ziko nyingi na kwa ujumla zinaipa maksi nzuri.

Kuhusu biskuti za watoto, boksi lisiloonesha ndani, rafu ya juu kabisa, na la kwao sio lako. Ile ya kioo inayokaa mezani ikionesha kila kitu iondoe.

Mama Watatu

Maji yamwagikie 😅 hiyo naianza leo. Asante mdogo wangu, au kaka, sijui.

Shifti ya Usiku

Mi kwangu hakuna kabati wala watoto. Nafanya kazi usiku. Ikifika saa tisa alfajiri nakuwa na njaa ambayo haina hata adabu, na kazini kilichopo ni mashine ya vitafunwa na soda, mlango wa jikoni unafungwa saa nne. Nikitoka asubuhi nalala masaa manne matano naamka nataka vitu vitamu tu. Nimeshakwenda jimu, nimeshafunga, mwili uko pale pale. Nyie mnaongelea saa tatu usiku, saa tatu usiku mi ndo naoga niende kazini.

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu wa shifti, pole. Nimelala hayo masaa miaka mingi najua unachosema. Usijilaumu kwanza, kuna utafiti wa Chicago wa mwaka 2004, vijana wa kiume 12 wenye afya walilazwa masaa manne tu kwa siku mbili, leptini ikashuka asilimia 18 na ghrelini ikapanda asilimia 28, na hamu ilipanda zaidi kwa vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Usiku mbili tu! Ni watu wachache, ila tafiti nyingine za kukosa usingizi nazo zinaonesha watu wanakula zaidi. Wewe unafanya hivyo kila wiki.

Ningekuwa wewe ningeanza na usingizi kabla ya daieti yoyote. Pazia nzito, simu chumba kingine, na nyumbani wajue ule muda ni usiku wako. Pili, saa tisa isikukute huna kitu, beba mlo kamili kutoka nyumbani, wenye protini ya maana, mayai, maharage, samaki, kuku, chochote unachokula, na mboga, uule mapema kwenye shifti kabla ile njaa haijaja. Saa tisa ukihitaji kitu tena basi tunda na karanga kidogo ulizozipima nyumbani, sio mfuko mzima. Na pesa ndogo ndogo za mashine acha nyumbani.

Shifti ya Usiku

Shikamoo mama, na asante. Mashine siku hizi inapokea simu kwaiyo pesa ndogo ndogo haisaidii 😔 ila chakula cha kubeba nitajaribu, nilikuwa naona uvivu kupika mchana.

Muuguzi Mstaafu

Marahaba. Pika siku ya mapumziko vya siku mbili tatu, weka friji.

Kitambi Baridi

Nami niweke ya kwangu kwa umakini sasa. Tatizo langu sio kuanza, ni nikiteleza. Nimekula vizuri asubuhi mchana, jioni ofisini mtu ana besidei nakula keki kipande kimoja, basi kichwani inakuja kwamba leo imeshaharibika, bora nile yote nianze upya Jumatatu. Na ikiwa Jumanne maana yake nina siku tano za kula kama nimeagizwa. Hiyo nayo homoni?

Sahani Moja

Hiyo ni akili mkuu, na imechunguzwa zamani. Mwaka 1975 kuna jaribio la Peter Herman na Deborah Mack, wanawake walipewa milksheki kwanza, wengine hawakupewa, alafu wote wakaambiwa waonje aisikrimu wanavyotaka. Wasiofanya daieti waliokunywa milksheki walikula aisikrimu kidogo, kawaida, si wameshiba. Wanaojizuia kula wakafanya kinyume, waliokunywa milksheki ndo walikula aisikrimu NYINGI zaidi. Yaani sheria ikishavunjika inavunjika yote.

Dawa yake ni kuacha kuhesabu kwa siku. Hesabu kwa mlo. Keki imeliwa saa kumi, mlo wa jioni uko pale pale kama ulivyopangwa, wala usiupunguze kulipa deni maana hapo ndo unatengeneza njaa ya saa tatu. Kipande cha keki ni kalori mia tatu mia nne hivi, kwenye mafuta ya mwili, ambayo kilo moja inabeba kama kalori 7,700, hakionekani hata kwenye mizani. Zile siku tano ndo zinaonekana.

Na kwenye mazoea kuna utafiti wa Phillippa Lally wa London, 2010, watu 96 kila mmoja akachagua kitu kimoja cha kufanya kila siku, kama kula tunda na mlo wa mchana. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka kifanyike bila kufikiria, ila wa haraka 18 na wengine makadirio yalifika 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Zile habari kwamba zoea linajengeka kwa siku 21 zisahau.

Chumvi Kidogo

Mi naongezea tumia sahani ndogo, ubongo unadanganyika unaona umejaa.

Muuguzi Mstaafu

Hapo twende polepole. Aliyeitangaza sana hiyo habari ya sahani na bakuli ni Brian Wansink wa chuo cha Cornell, Marekani, na kazi zake nyingi zilikuja kufutwa na majarida baada ya watu kukagua takwimu, mwenyewe akaondoka chuoni 2019. Hatari haina, atakayependa atumie, ila mwenye njaa ya kweli na sahani ndogo anaijaza mara mbili. Bora ujaze sahani ya kawaida, nusu yake mboga.

Chumvi Kidogo

Duh. Miaka yote hii nakula kwenye sahani za watoto.

Mzee wa Nidhamu

Mmeongea yote, sasa kuna hizi sindano za kupunguza mwili. Jirani yangu anachoma, kapungua kweli, ila namwona kama mtu aliyenunua nidhamu dukani.

Muuguzi Mstaafu

Mzee, hizo ni dawa za kundi la semaglutide, zinaiga homoni ya utumbo inayotoa taarifa ya shibe. Kwenye utafiti mkubwa wa 2021 watu walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, waliochomwa sindano isiyo na dawa ndani asilimia 2 na kidogo. Walioacha dawa, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya walichopunguza. Zina kichefuchefu, zina masharti, na ni za daktari, sio za kupeana kwenye makundi ya simu wala kununua chupa isiyo na lebo.

Lakini niwaambie wagonjwa wanachosema wakianza. Hawasemi "nimekuwa na nidhamu". Wanasema kelele za chakula zimenyamaza. Anaona keki mezani na anaendelea na mazungumzo. Sasa mzee, tabia ya mtu inabadilikaje kwa sindano ya mara moja kwa wiki halafu ikiisha inarudi?

Mzee wa Nidhamu

Hilo nitalifikiria. Lakini sijasema nimekubali.

Muuguzi Mstaafu

Nikiwa bado hapa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kundi la glibenklamidi asianze kuruka milo au kufunga kwa sababu ya uzi wa mtandaoni, sukari inaweza kushuka mpaka azimie, aongee na daktari wake dozi irekebishwe kwanza. Na ambaye anakula mpaka inauma alafu anajitapisha, au anaogopa chakula mpaka anajificha, hahitaji mbinu za kabati, huo ni ugonjwa na unatibika. Na wengine mnanenepa kwa dawa, steroidi na baadhi ya dawa za akili na sonona zinaongeza uzito, usiziache mwenyewe, uliza kama kuna mbadala.

Mama Watatu

Mama muuguzi naomba kuuliza, lengo liwe kilo ngapi? Mi nina kilo 92 na nilikuwa 64 naolewa, nikifikiria ile safari nachoka kabla sijaanza.

Muuguzi Mstaafu

Usiende kwenye kilo za harusi mwanangu. Marekani walifanya utafiti mkubwa matokeo yakatoka 2002, watu 3,234 waliokuwa mlangoni mwa kisukari. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea au mazoezi dakika 150 kwa wiki. Idadi ya walioingia kwenye kisukari ilipungua kwa asilimia 58, kuliko hata kundi la metformini, dawa ya kisukari, lililopata 31. Kwako asilimia 7 ni kilo sita na nusu hivi. Ukifika hapo kaa, zoea, ndo ufikirie nyingine.

Mama Watatu

Kilo sita na nusu naziona 🙏

Sahani Moja

Dada na mizani pima kama mara moja kwa wiki, siku moja, asubuhi, kabla ya chai. Kuna rejista ya Marekani iliyoanza 1994 ya watu waliopungua angalau kilo 13 na kukaa hivyo mwaka au zaidi, na wengi wao wanajipima angalau kila wiki. Sio mizani inayopunguza, ila inakuonesha kilo mbili kabla hazijawa nane. Kama mizani inakuharibia siku nzima basi tumia mkanda wa kiuno au nguo ileile moja.

Shifti ya Usiku

Kesho ndo siku yangu ya manunuzi, mkuu mtoa uzi nisaidie nini cha kuandika kwenye karatasi, kwa ufupi.

Sahani Moja

Kwa ufupi siwezi 😂 ila anza na kinachokaa tumboni. Mwaka 1995 Susanna Holt wa Sydney aliwalisha watu vyakula 38, kila kimoja kwa kalori sawa, alafu akawauliza wameshiba kiasi gani kwa masaa mawili. Kilichoshinda vyote ni viazi vya kuchemsha, zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Samaki, nyama, mayai, maharage, machungwa na matufaa vyote vilikaa juu. Keki na vitu vya kuoka vyenye siagi vikaangukia mkiani. Kwaiyo karatasi yako: protini ya aina mbili, mboga za kutosha mpaka ujione umezidisha, matunda mazima na sio juisi, viazi, maharage. Vinywaji andika maji. Soda moja ya mililita 330 ina sukari gramu 35 hivi, hiyo ni zaidi ya vijiko nane vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani lingependa siku nzima usivuke kama gramu 25.

Mzee wa Nidhamu

Viazi? Si ndo vinavyonenepesha? Mimi viazi nilivipiga marufuku pamoja na soda.

Sahani Moja

Vya kuchemsha mzee. Ukivikaanga ni hesabu nyingine, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120, na kiazi kikiingia kwenye karai hakinywi kijiko kimoja.

Mzee wa Nidhamu

Marufuku inabaki.

Kitambi Baridi

Mwacheni mzee, vitabaki vingi kwetu 😂 mama muuguzi, maganda tunayatoa au tunachemsha nayo?

Muuguzi Mstaafu

Vioshe vizuri uchemshe na maganda, kuna nyuzinyuzi pale. Ila ukiona sehemu ya kijani au kimeota, hicho usile.